Mshale wa Geji Uliolala

Fungeni vitabu vyenu kidogo, lakini kidole kiacheni palepale tulipoishia, tutarudi. Na wale kina mama wa nyuma ninaowaona wanatazama saa kwa sababu ya maharage waliyoacha jikoni, wasiwe na wasiwasi. Nina kisa kimoja cha gari, kisha tutaomba, kisha mtakwenda kuyaokoa maharage yenu.

Kulikuwa na fundi umeme mmoja katika mji ulio chini ya milima. Jina simtaji, maana nikimtaja mtaanza kugeuka na kuangaliana. Kazi yake ilikuwa kufunga nyaya majumbani, na alikuwa fundi kweli, simsingizii. Ukiingia nyumba aliyoifunga yeye, huoni waya uliolegea wala kipande kinachoning'inia. Kila kitu kimenyooka. Alikuwa na msemo wake, na vijana aliowafundisha walikuwa wakimwigiza nao: "Kinachozidi kinakatwa."

Watu wa kanisa lake walipoona jinsi anavyopenda mambo yanyooke, wakamchagua kuwa mzee wa kanisa na wakamkabidhi ratiba. Harusi ikiwepo, ratiba anashika yeye. Msiba ukitokea, ratiba anashika yeye. Hata mchungaji akikolea mahubiri akapitiliza, alikuwa anamwona mtu amesimama mlangoni anagongagonga saa ya mkononi. Msicheke. Hapa kwetu pia yupo, na sasa hivi ananitazama.

Basi mtu huyu alikuwa na mdogo wake, wawili tu tumbo moja, na walikuwa na baba aliyekuwa na gari. Lilikuwa gari la zamani, la mviringo, lenye taa mbili kubwa mbele, la zile zama ambazo kijiji kizima kilikuwa na gari moja. Baba yao alilipenda gari lile. Kila akipandisha mlima kwenda nyumbani alikuwa anasimama katikati ya safari, kwenye kona yenye kijito, anafungua boneti, anaacha injini ipumue, na yeye na mke wake wanakunywa chai ya chupa. Hakuwa na geji ya joto, kile kipimo cha kuonyesha injini imepata moto kiasi gani. Ile iliyokuja na gari ilikufa mapema, na mzee hakujisumbua kutafuta nyingine. Alikuwa anasimama tu, kila safari, gari lichemke lisichemke.

Baba huyo akafariki. Mdogo mtu alikuwa anafanya kazi mbali sana, upande wa pwani ya kusini. Alipopata habari akapanda basi, na basi likaharibika njiani. Akapiga simu: "Kaka, nakuja. Nisubirini."

Na kaka mtu, kama nilivyosema, ndiye aliyekuwa ameshika ratiba. Wageni walikuwa wengi, maturubai hayakutosha, watu wamekaa juani. Mchungaji alikuwa na msiba mwingine wa kwenda. Mawingu yalikuwa yanajikusanya juu ya mlima. Saa iliyoandikwa ikafika. Akatazama saa yake, akatazama barabara, akasema, "Tuendelee."

Mdogo mtu alifika jioni, begi begani, miguu imejaa vumbi. Akakuta udongo umeshasawazishwa na mashada yamepangwa vizuri kwa mstari. Alisimama pale, akauliza neno moja tu.

"Kaka, hukunisubiri?"

"Watu walikuwa wengi," kaka akamjibu. "Ratiba ni ratiba."

Tangu siku ile hawakugombana. Laiti wangegombana! Watu wakigombana angalau wanazungumza. Hawa walisalimiana kwa heshima, wakaulizana hali za watoto, basi. Mdogo akaacha kazi yake ya pwani, akarudi kijijini, akakaa katika nyumba ya baba na kulitunza kaburi. Kaka akakaa mjini na mama yao, na gari la baba likashushwa kwa lori likawekwa bandani, kuku wakataga ndani yake miaka na miaka.

Sasa mdogo mtu akajinyima, akalijengea kaburi la baba. Akaweka saruji, marumaru na msalaba. Akatuma mwaliko: siku fulani tutalifunua na kuliombea, njooni wote. Mama yao aliposomewa mwaliko ule akamwambia mwanawe mkubwa, "Mwanangu, macho yangu yanakwenda. Nataka niwaone ninyi wawili mmesimama pamoja kwenye kaburi la baba yenu, kabla sijafika mahali pa kuwasikia tu."

Alimpenda mama yake, na hilo nalo simsingizii. Akasema, "Mama, nitakupeleka. Na nitakupeleka kwa gari la baba."

Kazi ikaanza. Kuku wakafukuzwa. Injini ikafunguliwa na kufungwa upya, breki zikapatikana, viti vikavalishwa ngozi mpya, bodi ikapigwa rangi ileile ya zamani ya kijani kibichi. Kila jirani aliyepita alisimama. Kikabaki kitu kimoja tu, tundu la duara kwenye dashibodi, pale geji ya joto ilipokuwa. Geji ya kisasa alikataa katakata. Alitaka ya zama zilezile, yenye uso mweupe na mshale mweusi mwembamba, upande wa kushoto baridi, upande wa kulia moto. Akazunguka kwa wauza vyuma chakavu mpaka viatu vikaisha visigino. Mwishowe akaipata moja, imetolewa kwenye lori bovu la zama zilezile, kioo chake kimekuwa cha manjano.

Alikisugua kioo kile kwa dawa ya meno mpaka kikang'aa. Halafu, kwa kuwa ni fundi, hakuamini macho. Alikwenda jikoni, akatia maji kwenye sufuria, akaibandika jikoni, akatumbukiza humo kile kichwa cha geji, kipande cha shaba kinene kama kidole gumba.

"Baba watoto," mke wake akasema, "hiyo sufuria ni ya ugali."

"Subiri kidogo, mke wangu. Njoo uone."

Maji yalipopata moto, mshale ukatikisika. Yalipochemka, mshale ukapanda, ukapanda, ukasimama upande wa kulia kabisa. Mzee mzima akacheka kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Hata mke wake akacheka, ingawa sufuria aliisugua baadaye kwa hasira. Nataka mkumbuke jambo hili, maana tutalihitaji: geji ilikuwa nzima. Ilipimwa, na ilisema kweli.

Akaingia kazini kuifunga. Geji za aina hiyo hazitumii umeme. Kile kichwa cha shaba unakifunga ndani ya injini, pale maji yanapopita. Kutoka hapo unakuja mrija mwembamba wa shaba, mwembamba kama waya, unapenya bati linalotenga injini na abiria na kupanda mpaka nyuma ya uso wa geji. Akapunguza maji ya rejeta, yale yanayopoza injini, akakifunga kichwa mahali pake, akaweka mpira pale mrija unapopenya bati ili usikatwe na makali. Akalala chali chini ya dashibodi, spana mdomoni, akakaza uso wa geji ukakaa sawasawa. Kazi safi kabisa.

Ila geji ilikuwa ya lori, na mrija ulikuwa wa lori. Ulizidi. Ulizidi sana, ukaning'inia chini ya dashibodi mpaka karibu na miguu ya abiria. Mtu mwingine angeuzungusha mviringo mviringo akaubana pembeni, yakaisha. Lakini huyu wetu aliutazama ule urefu uliolegea ukamkera. Aliwaza siku ya shughuli, watu wamelizunguka gari, mtu anainama, anachungulia ndani, anaona kitu kinaning'inia katika kazi ya mikono yake. Je, angevumilia? Ninyi mnamjua sasa. Kinachozidi kinafanywaje?

Alichukua koleo akaukata. Alitoa kipande kilichozidi, akaziunga ncha mbili kwa risasi iliyoyeyushwa na kuzungushia tepu nyeusi, kama alivyounga nyaya maisha yake yote. Kiungo kilikuwa kizuri mno hata ungepitisha kidole usingekigundua. Wakati wa kukata, harufu kidogo ilimjia puani, harufu kama ya hospitali, ikapotea. Akadhani ni uchafu wa miaka mingi. Hakurudi tena jikoni kupima. Kwa nini apime? Si alishapima?

Akawasha gari, akazunguka mji. Mshale ukalala kushoto, kwenye baridi. Akaenda mpaka mnadani na kurudi. Mshale umelala. Akafurahi isivyo kawaida. Kuna jirani yake mmoja mwenye gari alipakiwa siku moja, akaangalia, akauliza, "Mbona ya kwako haipandi hata kidogo? Ya kwangu hupanda mpaka katikati, ndipo inatulia."

"Ya kwako mbovu," akamjibu.

Jumapili akasimama kanisani, akatoa ushuhuda. Alishukuru kwamba gari la marehemu baba yake, lililokuwa linasimamishwa kila safari lipoe, leo mkononi mwake halipati joto kabisa. Kanisa likapiga makofi. Kinanda nacho kikaitikia.

Siku ya safari ikafika. Mke wake alitangulia kwa basi pamoja na vyungu na wapishi. Yeye na mama yake wakapanda gari la baba, wawili tu, mama amekaa kiti chake kilekile cha zamani, kanga mpya begani. Walipoanza kuuacha mji mama akamwuliza, bila kumtazama.

"Ukifika utamwambia nini mdogo wako?"

"Nimwambie nini, mama? Mimi sina neno naye. Jambo lile nimeliombea, na nina amani. Nina amani kabisa. Yeye kama ana lake moyoni, alishughulikie."

"Una amani?"

"Ninayo, mama."

"Haya, baba," mama akasema, akafunga ncha ya kanga yake.

Mlima ukaanza. Mmeshaona gari la zamani linavyopanda mlima? Linaimba wimbo mmoja, mzito, na barabara haiishi. Migomba inapita taratibu dirishani. Jua lilikuwa limeshapanda nalo. Baada ya kitambo mama akasogeza miguu.

"Mwanangu, huku chini kuna joto. Miguu inaniungua."

"Ni jua, mama. Fungua dirisha."

Akafungua. Wakapanda kona nyingine, na nyingine. Mama akaikunja miguu kabisa, akaiweka juu ya mkoba wake. Wakafika kwenye kona yenye kijito.

"Simama hapa," mama akasema. "Baba yenu alikuwa anasimama hapa. Tulikuwa tunakunywa chai."

Sitaki mdhani mama huyu alikuwa fundi. Alikuwa hajui hata boneti inafunguliwa upande gani. Alitaka kusimama kwa sababu miguu ilikuwa inaungua, na kwa sababu alikuwa anamkumbuka mume wake.

"Mama, baba alikuwa anasimama kwa sababu hakuwa na geji. Tazama mshale." Akakigonga kioo kwa kucha. "Uko chini. Umelala. Na tukisimama tutachelewa, mwaliko umeandikwa saa nne."

Mama aliutazama mshale. Mtu akikuonyesha mshale, wewe unayo miguu tu, utamwambia nini? Kijito kikabaki nyuma.

Hawakufika mbali. Kwanza ilikuja harufu ya chuma kinachoungua. Kisha mvuke mweupe ukatoka kila upenyo wa boneti mpaka barabara haikuonekana. Ndani ya injini kitu kikagonga mara kadhaa kwa nguvu, kama mtu aliyefungiwa, kikanyamaza. Gari likasimama. Akajaribu kuwasha, injini haikuzunguka hata kidogo. Ilikuwa imekamata, chuma kwa chuma. Gari la baba yake lilikuwa limekufa.

Na mnajua kitu cha kwanza alichokitazama? Hakuutazama mvuke, wala mama yake. Aliitazama geji. Mshale ulikuwa umelala kwenye baridi, umetulia. Mbele yake injini inawaka, na mshale unamwambia hakuna shida.

Akainama chini ya dashibodi, akapapasa mpaka akakipata kiungo chake, kile kizuri. Hapo ndipo akili ilipomwingia. Mrija ule si waya. Waya haubebi kitu ndani, unaukata popote na kuuunga, umeme unapita. Mrija ule ulikuwa umebeba kitu ndani, dawa iliyofungiwa humo na walioitengeneza geji, na dawa hiyo ndiyo iliyokuwa inapata joto la injini na kuusukuma mshale. Siku alipokata, dawa ilitoka. Ile harufu ya hospitali ndiyo ilikuwa geji yenyewe inakata roho. Kilichobaki kwenye dashibodi kilikuwa uso mweupe na kioo kinachong'aa. Na geji ya aina hiyo ikifa, ndugu zangu, hailali kwenye moto. Inalala kwenye baridi.

Alimteremsha mama yake, akamkalisha kwenye jiwe kivulini. Saa nne ilikuwa inafika. Akaitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni.

"Mpigie mdogo wako," mama akasema.

"Nitamwambia nini, mama?"

"Si ulisema huna neno naye?"

Akapiga. Ikaita, ikaita, ikapokewa. Nyuma yake zilisikika sauti za watu wengi na kwaya inajaribu sauti.

"Kaka, mko wapi?"

"Gari limekufa. Tumekipita kijito kidogo." "Ninyi endeleeni tu. Watu wasikae juani. Ratiba ni..."

Akashindwa kuimalizia. Alikuwa ameisema sentensi hiyo maisha yake yote, na siku ile iligoma kutoka.

"Kaka," mdogo wake akasema, "tunawasubiri."

"Watu ni wengi?"

"Ni wengi."

"Jua?"

"Kali. Mchungaji tumempa chai, amevua viatu. Mkae hapohapo kivulini na mama. Hatufunui kitu mpaka mfike. Tunawasubiri."

Simu ikakatika. Mzee wa ratiba alibaki ameishikilia sikioni. Kisha akahisi joto. Lilianzia hapa, chini ya kifua, likapanda, likafika kooni, likafika machoni, na yote aliyosema hayaumi yakamwuma kwa mara moja: basi lililoharibika, begi begani, ile sauti ya jioni iliyouliza neno moja tu. Alikaa chini barabarani, na suruali yake iliyonyooshwa, akalia kwa sauti. Mama yake hakumwambia nyamaza. Alikaa juu ya jiwe lake na kumwacha alie.

Lori la majani ya chai likawabeba, mama mbele na dereva, yeye juu ya magunia. Walifika alasiri. Watoto walikuwa wamelala kwenye mikeka, kwaya imelowa jasho ndani ya majoho, vyungu havijafunguliwa, na hakuna aliyekuwa ameondoka. Kaburi lilikuwa limefunikwa kitambaa cheupe. Mdogo mtu alikuwa amesimama barabarani, mahali palepale alipoteremkia na begi lake siku ile.

Kaka akashuka, majani ya chai yamemshika nywele. Hakusalimia.

"Ningekusubiri," akasema. "Siku ile. Ningeweza kukusubiri."

Mdogo wake alimsogelea. Hakumwambia yamepita, wala hakumwambia usijali.

"Ungeweza," akasema.

Halafu akamshika mkono, akampeleka mpaka kaburini, akampa ncha moja ya kitambaa, na yeye akashika ncha ya pili. Mama akasimama katikati. Bado alikuwa anaona.

Kisa kimeishia hapo. Najua baadhi yenu mmeshaandaa methali, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Irudisheni mfukoni. Mnataka niwahubirie kuhusu mtu aliyepuuza onyo? Huyu hakupuuza. Huyu aliitazama geji yake mlima mzima. Alikuwa mtii kwa mshale kuliko mtu yeyote aliyewahi kushika usukani. Kosa lake lilikuwa la zamani zaidi, siku alipochukua koleo.

Nazungumza juu yetu sisi, tulio ndani ya nyumba hii. Tuna neno moja tunalipenda sana. Mtu amemnyang'anya mjane shamba, ukimwuliza anasema, "Nimeombea, nina amani." Mtu hajakanyaga kwa mama yake mzazi tangu mvua za mwaka juzi, "Nina amani." Mume amemnunia mke nyumba moja, chumba kimoja, kitanda kimoja, na Jumapili anapanda hapa mbele kuimba, "Nina amani." Tunagonga kioo kwa kucha: tazameni mshale, umelala! Na mwenzetu anayeungua miguu pembeni yetu tunamwambia afungue dirisha.

Ni nani aliyetuambia kwamba kutosikia joto ndiyo amani? Injini nzima ikifanya kazi hupata joto. Moyo mzima ukimkosea ndugu huungua, mpaka usimame kwenye kijito. Jirani yule mwenye geji inayopanda mpaka katikati, ambaye tulimwambia ya kwake mbovu, ndiye mzima. Mimi simwogopi muumini anayekuja kwangu akisema, "Mchungaji, silali, jambo hili linanichoma." Huyo mrija wake unafika. Namwogopa yule aliyetulia.

Na msiniambie mlishapimwa. Najua. Mlibatizwa, mlilia, mlitubu, sufuria ilichemka na mshale ukapanda, tuliona wote tukacheka. Ninachouliza ni kitu mlichokata baada ya pale, kwa sababu kilikuwa kinaning'inia vibaya mbele ya wageni. Harufu ilitoka. Mliisikia, mkasema ni uchafu wa zamani.

Sasa mnangoja niseme tuombe. Hatuombi. Nimewaambia kila Jumapili mzime simu mkiingia humu. Leo ziwasheni. Yuko mtu ambaye mlimzika baba bila yeye, au mlimwozesha binti bila yeye, au mlikula naye mara ya mwisho hamkumbuki lini. Tokeni nje, simameni pale uani, mpigieni. Kama hamjui la kusema, semeni lile alilosema mdogo mtu kwenye simu: "Tunawasubiri."

Mimi nitakaa hapa kwenye kiti, nimevua viatu. Mzee wa ratiba, saa yako iweke mfukoni. Na maharage, kina mama, leo yaacheni yaungue.